Gari Lisilojua Homa

Waliyoyasema kabla sijaondoka

Walisema sitafika Opala. Hawakunong'ona kama watu wenye adabu. Walisema mezani, kwenye nganda, baa yetu ya jioni, huku wakinywa bia niliyolipa mimi.

"Diplôme," walisema, maana ndivyo mnavyoniita tangu nirudi kutoka Kampala, na sijawahi kukataa jina linalosema kweli, "ile gari yako haitavuka Yanonge."

Aliyeongoza kwaya hiyo alikuwa Tonton Gaspard, kaka yake Mama, mtu ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli yenye breki mbili lakini ana maoni juu ya kila injini inayopita Kisangani. "Iko inakunywa esanse kama vile watu wanakunywa lotoko ku matanga," alisema. "Utaiacha kule, watu watafugia kuku ndani. Siku utafika nayo Opala na kurudi, miye Gaspard nitakuita patron mbele ya watu yote."

Mnanijua. Niliondoka mji huu na ndala mguuni, nikaosha mabasi ya watu Kampala, nikasoma jioni, nikapata diploma ya ufundi wa magari ambayo imetundikwa sebuleni kwangu. Ambaye hajaiona aje. Nyumba haina mbwa. Nilirudi nikanunua gari bila mjomba serikalini na bila shemeji forodhani. Ni gari la zamani, ndiyo. Kiti cha nyuma kimeshonwa kwa uzi wa nyavu, na mlango mmoja unafunguka ukiuomba. Lakini lina jambo moja ambalo magari yenu mapya hayana: halijui homa. Tangu nilinunue, sindano ya joto haikuwahi kupanda. Aliyeniuzia aliniambia kwamba alilitengeneza yeye mwenyewe kwa ajili ya jua letu, na kwa zawadi hiyo hakunidai chochote. Nimewaonyesha sindano hiyo wengi wenu. Wengine niliwaonyesha mara mbili.

Kuhusu kunywa, sikatai, lilikuwa linakunywa. Nilikuwa nimebadilisha chujio cha hewa, nimebadilisha plagi, nimesafisha kila tundu linalosafishika, na bado lilikuwa linakwenda kituo cha mafuta kama waumini wanavyokwenda misa. Nikajiambia kwamba ni foleni na mashimo ya mjini. Njia ndefu ingelinyoosha.

Na njia ndefu haikuwa ya matembezi. Mama yuko Opala, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho hata akawa anatambua wageni kwa nyayo. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Kisangani kwa siku chache, na jina lake lilipangwa kwa Alhamisi asubuhi. Asipofika, nafasi anapewa anayefuata, na madaktari wanakwenda zao hadi Mungu atakapowakumbusha. Pikipiki alikwisha kuanguka nayo, akaapa kutoipanda tena. Boti ya Lomami inafika siku inayotaka yenyewe. Ilibaki mimi na gari lisilojua homa.

Tonton alisema anakuja. "Dada yangu ni dada yangu," alisema. Sababu ya kweli ni kwamba hakutaka kusimuliwa.

Kisangani hadi ng'ambo

Mlitaka safari, basi safari ilianza kwa kusimama. Kuvuka kwenda Lubunga nilipanda bac ya mtu binafsi, maboti mawili yaliyofungwa pamoja na mbao juu yake. Tulipakia, tukafunga breki, tukasubiri. Kapteni alishuka akapita gari kwa gari akitutazama usoni kama mtu anayechagua mbuzi.

"Patron," akaniambia mimi, "utusaidie batri."

"Batri ya nini?"

"Ya kuwasha bac. Ya kwetu ilichoka."

"Na jana mlivuka namna gani?"

"Jana kulikuwa batri ya mwenye lori."

Basi batri yangu ikatoka garini kwangu, ikapelekwa kwenye injini ya bac, na mimi mwenye diploma nikasimama mtoni nikisubiri kuvushwa na batri yangu mwenyewe, kwa nauli kamili. Niliomba punguzo. Kapteni alicheka mpaka akakaa chini. Akasema kwamba mwaka mzima hajapata abiria mcheshi hivyo.

Tonton aliitazama sindano ya mafuta. Nilikuwa nimejaza tangi mpaka shingoni, na juu ya hapo nilikuwa na bidoni moja kubwa ya mafuta nyuma. Kwa hesabu ya mtu aliyesoma, tangi lilitosha kwenda na bidoni ilitosha kurudi, na kingebaki cha kumwonyesha Tonton.

"Bon," alisema Tonton. "Tutaona."

Lubunga hadi Yanonge

Tuliona upesi. Sijamaliza kupita nyumba za mwisho za Lubunga, sindano ya mafuta ikaanza kushuka kama mtu anayekwenda kuoga mtoni. Ile ya joto, kinyume chake, ililala chini kabisa, safi, tulivu. Nikamwonyesha Tonton.

"Tazama. Mchana kweupe, gari limejaa, njia ni matope, na injini baridi kama maji ya mtungi."

"Minaona," alisema. "Na hii ingine, yenye inashuka, ni ya nini?"

Mzigo ulikuwa mwingi, hilo nalikubali. Mkisema tu kwamba mnakwenda Opala kwa gari, mji mzima unakumbuka ndugu zake. Nilipewa chumvi, sabuni, mabati, godoro la bibi harusi wa mtu nisiyemjua, na kiti cha plastiki ambacho mwenyewe alisema "hakina uzito," na ndiyo maana, nadhani, kilitaka kuruka kila tulipopata upepo. Njia ilikuwa mbovu pia. Lakini njia mbovu na godoro havinywi tangi zima.

Nikasimama kivulini nikafanya kazi niliyosomea. Nilipapasa magurudumu: hakuna lililokuwa moto, kwa hiyo breki hazikuwa zinashika. Nililala chini nikanusa: hakuna mvujo. Nilipima upepo wa matairi. Nilitoa plagi. Zilikuwa nyeusi tii, zimepakwa masizi kama sufuria ya kambi, na nilikuwa nimezifunga mpya wiki iliyopita. Hiyo ina maana moja: injini inamiminiwa mafuta mengi kuliko inayoweza kuchoma.

"Ni esanse ya kuchanganywa," alisema Tonton.

"Nilinunua kituoni."

"Basi waliiba ku bac."

"Waliiba namna gani wakati uliegemea kifuniko cha tangi tangu tupande mpaka tushuke?"

"Alors, ni gari."

Tuliingia Yanonge tangi likiwa chini ya nusu. Njaa pia ilikuwa imeingia, basi tukaenda kwa Mama Béa, mwanamke wa mtoni mwenye pirogi, mtumbwi wa motori, na mahali pa kula palipo na meza mbili. Mkitaka kujua kama safari ilikuwa na uzuri wowote, uzuri ulikuwa pale: lituma ya ndizi iliyopondwa ikapondeka, na samaki wa kuvuta katika mawese, pilipili pembeni kwa wanaume wenye majivuno. Nilikula ile ya majivuno. Nililia machozi, na Tonton akaniuliza kama ni kwa ajili ya mafuta.

Niliomba kununua mafuta kidogo. Mama Béa akaniangalia kana kwamba nimeomba kumnunua mumewe.

"Huku esanse hatuuzishe, mutoto yangu. Nikichukua franga, motori yangu itakunywa franga? Nakukopesha. Unarudisha esanse."

Hii ndiyo desturi ya njia ile, na ninyi wa mjini hamuijui. Mafuta yakitoka kijijini, kupata mengine ni kazi, kwa hiyo mwenye nayo haachi yageuke noti. Anakupimia katika bidoni yake mwenyewe, anachora mstari kwa msumari pale mafuta yalipofika, anakupa bidoni uondoke nayo. Siku ya kurudisha, mafuta yanarudi katika bidoni ileile, hadi mstari uleule. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Mama Béa alichora mstari wake mrefu, wa mtu asiyetaka mabishano.

"Hapa," alisema. "Si chini ya hapa."

Yanonge hadi Opala

Mbele ya njia panda ya Opala kuna daraja la magogo, na siku ile gogo moja lilikuwa limekwenda shughuli zake. Tulishusha mizigo yote, godoro likavuka kichwani mwa Tonton, kiti cha plastiki kikavuka kwa heshima mkononi mwa mwanakijiji aliyekaa juu yake upande wa pili akakataa kuinuka mpaka nimshukuru. Tulilaza mabati ya watu kama daraja. Yalipinda kidogo. Wenyewe nimewaambia ni ya mtindo mpya.

Nilitumia nafasi hiyo kufanya jaribio. Mizigo niliigawa, mingine nikaiacha ifuate kwa pikipiki, godoro likatoka juu ya gari. Nikaendesha polepole, bila kukanyaga kwa hasira, kama padri. Mafuta yalishuka vilevile. Kwa hiyo haikuwa mzigo, haikuwa upepo, haikuwa mguu wangu. Kila nilipoondoa sababu moja, Tonton aliongeza mbili: jini, wivu wa majirani, usukani kuwa upande wa kulia.

Katika kijiji cha Papa Anaclet, katekista, gari lilikohoa likazima. Bidoni yangu kubwa, ile ya kurudi nayo, ilikuwa imekwisha kumiminwa. Na ya Mama Béa pia. Tulisukuma hadi mbele ya kanisa, na hapo ndipo palipotokea jambo la kuniaibisha kama ningekuwa mtu wa kuaibika. Watu waliona gari la kutoka mjini lenye bidoni nyuma, na kabla sijafuta jasho, pikipiki zikawa zimepanga foleni, kila mtu na chupa yake mkononi.

"Litre ni ngapi?" aliuliza wa mbele.

"Siuzi."

"Unangojea bei ipande?"

"Sina mafuta! Mimi ndiye natafuta!"

Foleni nzima ilicheka. Mmoja akasema, "Huyu ni mufanya biashara wa kweli, anaficha mpaka anasukuma gari." Ilibidi nifungue bidoni, niigeuze juu chini mbele yao, ndipo wakaamini, na ndipo wakacheka zaidi.

Papa Anaclet alikuwa na mafuta ya jenereta ya kanisa, ya kinanda cha sikukuu. Nilimweleza juu ya Mama na Alhamisi. Alikuna kidevu.

"Kinanda itangoja," alisema. "Macho ya mama haitangoja. Lakini urudishe mbele ya sikukuu, ndugu, ao tutaimba kwa mikono tu, na kwaya yangu, haki ya Mungu, inahitaji kinanda."

Akachora mstari. Mdogo, mnyoofu, wa mtu wa Mungu.

Opala

Tulifika Jumanne jioni kwa mvuke wa mafuta. Nasema tena, kwa ajili ya wale wa mezani: tulifika. Mama alikuwa amekaa barazani. Alisikia injini kabla hajasikia sauti yangu.

"Ni ile gari yako?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Iko muzuri?"

"Sana, Mama. Inang'aa."

Tonton alikohoa. Nikamkanyaga mguu.

Usiku ule sikuwa na hamu ya kujisifu, na mnajua hiyo ni dalili mbaya kwangu. Tulikuwa tumetumia mafuta ya kwenda na kurudi kwa kwenda peke yake, na juu yake ya mikopo miwili. Opala nzima, mtu mmoja tu alikuwa na akiba: Kambale, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mwenye duka la sabuni na vitenge na pikipiki yake. Alinipa alichokuwa nacho, bidoni moja isiyojaa.

"Nakukopesha yote," alisema. "Lakini vile gari yako iko inakunywa, hii itakufikisha ku daraja. Kisha utamubeba mama mugongoni?"

Hakuwa anatania. Kama gari lingeendelea kunywa vile, tungelala njiani, na Alhamisi ingepita tukiwa porini tunahesabu nyani. Ama niugundue ugonjwa wa gari asubuhi ile, ama Mama abaki na giza lake.

Asubuhi ukungu wa Lomami ulikuwa mzito. Tulimketisha Mama kiti cha mbele, akajikunja ndani ya kitenge chake.

"Mutoto yangu, minasikia baridi."

Hapo moyo wangu ukafurahi, maana kuna kitufe katika gari langu ambacho sijawahi kupata sababu ya kukibonyeza Kisangani. "Mama," nikasema, "gari la mwanao lina jiko ndani." Nikawasha injini, nikaiacha ingurume kwa muda mrefu, nikafungua hewa ya moto. Ikatoka hewa. Baridi. Nikangoja. Baridi. Nikakanyaga mafuta. Ikaendelea kumpuliza Mama kama mlango ulioachwa wazi.

"Jiko yako imezimika," alisema Mama.

Nikaitazama ile sindano, fahari yangu, imelala chini, safi, tulivu. Na ndipo nilipoelewa, peke yangu, bila msaada wa mtu, na ningependa hilo likumbukwe.

Kati ya injini na rejeta inayopoza maji yake hukaa kidude kidogo cha chuma wanachokiita kalorstat. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kupoa mpaka injini ipate moto wake. Mafundi wetu hukiona, wanasema ni cha baridi ya Ulaya, wanakitoa na kukitupa, ili injini ikae baridi daima. Mji mzima hufanya hivyo, na wanafanya kwa upendo. Zawadi ya aliyeniuzia ilikuwa hiyo. Na injini ya aina ile, isipopata moto, hudhani kila saa ni alfajiri, ndiyo kwanza imeamshwa, basi inajimiminia mafuta mengi kama mtu anayeongeza kuni jikoni pasipo kuangalia kama maji yamechemka. Gari langu halikuwa halijui homa. Lilikuwa halijawahi kuamka.

Kalorstat Opala hakuna. Lakini kwa Kambale kulikuwa na katoni tupu za sabuni. Nikachukua moja, nikaikata, nikaanza kuifunga kwa kamba mbele ya rejeta, kuziba upepo ili maji yasipoe.

Nilikuwa sijafunga fundo la pili, umati ulikuwa umenizunguka.

"Anafunika rejeta!"

"Diplôme, unaua motori!"

"Gari inapumua kwa pale! Toa!"

"Huyu alisoma wapi?" aliuliza mzee mmoja.

"Kampala," alijibu Tonton, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Kisha akanishika mkono. "Mutoto, sikiliza. Kwa jua hii, mutu anamwagia gari maji. Weye unaivalisha koti. Ikiwaka moto na dada yangu ndani?"

Sikuwa na pumzi ya mabishano. Nilimgeukia Mama, maana maisha yaliyokuwa hatarini yalikuwa yake. "Mama, unaniamini?"

Aligeuza uso wake upande niliokuwa. "Sioni yenye unafanya," alisema. "Kwa hiyo siogope kama wao. Washa."

Nikawasha. Tulingoja, wengine wamerudi nyuma ya mti. Sindano ikatikisika. Ikainuka. Ikapanda taratibu hadi katikati, mahali ambapo sikuwahi kuiona, ikasimama. Mama akanyoosha mikono yake mbele ya tundu la hewa.

"Eh!" alisema. "Jiko imewaka."

Opala hadi Kisangani

Mkitaka kujua mateso ya Tonton Gaspard, mfikirieni akiwa kiti cha nyuma, jua la saa saba juu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, na hewa ya moto inapulizwa kwa nguvu zote. Sikuweza kuizima. Kila sindano ilipozidi katikati, hewa ile ndiyo iliyotoa moto wa ziada. Na ikizidi zaidi nilisimama nikachana kipande cha katoni. Jasho lilimtoka Tonton mpaka kwenye kola. Mama alikuwa amelala usingizi mzuri, mapajani amezipanga zile bidoni tupu za watu, zimefungwa vizuri. Kila alipoamka alizipapasa.

"Hii ni ya nani, yenye mustari murefu?"

"Ya Mama Béa wa Yanonge."

"Na hii ndogo?"

"Ya katekista."

"Na hii inaenda upande?"

"Ya Kambale. Alikuwa na haraka."

"Usisahau," alisema, akalala tena.

Kwa Papa Anaclet hatukusimama; nilipiga honi, na foleni ya pikipiki ikajipanga haraka, ikiamini kwamba sasa ndiyo nimepata mzigo. Kwa Papa Anaclet hatukusimama; nilipiga honi, na foleni ya pikipiki ikajipanga haraka, ikiamini kwamba sasa ndiyo nimepata mzigo. Kupita Yanonge, Tonton aliinama mbele akaangalia sindano ya mafuta. Akaangalia tena. Akasugua kioo kwa kidole, labda imekwama.

"Haishuki," alisema.

"Inashuka. Kwa adabu."

Lubunga tulifika jioni na mafuta bado yakiwamo. Bac ilikuwa ukingoni, magari mengi mbele yetu, na kapteni akisema safari ya mwisho ni moja tu, waliobaki walale. Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa karibu kupiga magoti, niseme ukweli, lakini kapteni alinitambua, akaja mbio mikono imefunguliwa.

"Patron! Ile batri yako ingali muzima?"

Ni furaha kubwa kuombwa kitu na mtu unayetaka kumwomba. Nilimwambia batri ipo, ila batri hii ina mazoea: haiwashi bac kama gari lake halijapakiwa la kwanza. Kapteni hakucheka mara hii. Tulipakiwa wa kwanza, tukashuka wa kwanza, na Alhamisi asubuhi Mama alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali kabla muuguzi hajafungua mlango.

Kurudisha

Siku walipomfungua bandeji, aliangalia mikono yake kwanza, kisha akaniangalia mimi, akasema nimenenepa. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jengo kidogo. Vumbi la hospitali lina ukali wake.

Kisha nilimpeleka kwenye gari. Alilizunguka lote. Alipita mkono kwenye kutu, akaufungua ule mlango unaoombwa, akatazama uzi wa nyavu kwenye kiti.

"Ndiyo hii yenye inang'aa?"

Tonton alifurahi siku hiyo kuliko siku ya ubatizo wake.

Kalorstat niliipata sokoni, kwa wauza vipuri vya zamani. Waligeuza ndoo nzima, zimejaa, zote zimetolewa kwenye magari ya mji huu, yenu yamo. Muuzaji aliniuliza naitaka ya kufanya nini. Nikamwambia ya kufunga kwenye gari. Akanipa nyongeza moja bure, kwa kunihurumia. Sasa sindano yangu inasimama katikati, na kituo cha mafuta wameanza kuniuliza kama nilisafiri.

Mama alipopata ruhusa ya kurudi Opala, nilipakia mafuta ya watu, na Tonton akapanda bila kuitwa. Kambale tulimlipa mlangoni pa duka lake. Mstari wake uliokwenda upande ulizua swali la kupima kwa juu au kwa chini, tukakata katikati. Papa Anaclet tulikuwa tumemlipa wakati wa kwenda, na kinanda kililia sikukuu nzima. Nimesikia kwaya ile, na nasema alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Mama aliamua kurudi nami hadi Yanonge, akae siku mbili. Alitaka kumwona Mama Béa, ambaye alikuwa anamjua kwa kidole tu.

Wa mwisho, basi, alikuwa Mama Béa, maana tulipopita wakati wa kwenda alikuwa mtoni na pirogi yake. Alitoka jikoni akifuta mikono. Niliiweka bidoni yake juu ya meza, nikamimina kwa madaha, nikijua watu wanatazama. Tonton alisafisha koo, akasimama, akatazama wateja wote wa meza mbili.

"Minasema mbele ya yote," alisema, kama mtu anayeng'olewa jino. "Huyu ni patron."

Nilifunga kifuniko. Niliinua kichwa kupokea heshima yangu.

"Ngoja," alisema Mama.

Alikuwa ameinama mezani, jicho moja limefungwa, uso umekaribia kabisa ile plastiki ya njano. Aliugusa mstari kwa kidole kama alivyozoea, kisha akaondoa kidole akaangalia kwa macho matupu.

"Haijafika," alisema. "Iko chini ya mustari. Kidogo tu, lakini minaona."

Mama Béa alikuwa hajaona. Mimi mwenyewe, na diploma yangu, nilikuwa sijaona.

Nikafungua kifuniko, nikaongeza.